Uzi: "Simama hapo, unamngoja nani?" Sheria ya Uganda, umalaya na nguo fupi

MpishiWaMpakani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Hili jambo nimekaa nalo tangu 2018 bila kuliandika popote. Juzi usiku kabangali, ile pikapu ya polisi, imepita tena barabara yetu, nyuma imepakia wasichana saba au wanane, nikasema leo naandika.

Nina kibanda cha chakula kwenye mji mmoja wa mpakani huku mashariki. Malori yanalala hapa yakingoja mihuri, kwa hiyo wateja wangu ni madereva wa Mombasa, Eldoret, Kigali mpaka Juba. Ndiyo maana hapa tunaongea Kiswahili kuliko huko Kampala. Wakati ule nilikuwa na binti wa mama mdogo ananisaidia kuosha vyombo na kupakua. Usiku mmoja, saa nne kasoro, tumefunga. Mimi nimebaki ndani nahesabu pesa, yeye ametangulia barabarani kungoja bodaboda. Kavaa sketi ya jinzi ya gotini na fulana, mkononi ana sufuria ndogo ya maharage yaliyobaki, ya watoto nyumbani.

Gari likasimama. "Unamngoja nani?" Akajibu anangoja piki. Wakamwambia panda. Mimi nilipotoka nikakuta sufuria imekaa peke yake ukingoni mwa lami, mfuniko juu.

Kituoni nikaambiwa kakamatwa kwa umalaya. Nikauliza mmejuaje? Afande wa zamu akanihesabia kwa vidole: alikuwa amesimama, ni usiku, ni karibu na loji, na ana simu mbili. Simu moja ilikuwa yangu, ile ya kupokea pesa za wateja. Nikaombwa elfu hamsini "ya bondi", yaani dhamana ya polisi. Nikatoa thelathini. Risiti hakuna, karatasi hakuna. Alitoka saa sita usiku, na njia nzima hakusema neno.

Sasa wenye kujua sheria nisaidieni. Malaya kisheria ni nani? Kusimama barabarani ni kosa? Sketi ya gotini ni kosa? Na ile thelathini yangu ilikuwa ya nini?

NipoNasoma

Nimeweka kigoda. Wataalamu njooni.

Piki_Nambari7

Mkuu thelathini ilikuwa ya mafuta ya kabangali 😂 Pole lakini. Huku kwetu sisi wa bodaboda tunakamatwa pamoja nao, eti tunawabeba.

MkalimaniMstaafu

Mpishi, pole sana. Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye korti ya hakimu miaka kumi na moja. Kila Jumatatu asubuhi waliletwa waliokamatwa Ijumaa na Jumamosi, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia kwa lugha wanayoielewa wameshtakiwa nini. Kwa hiyo vifungu hivi nimevisema kwa mdomo wangu mara nyingi kuliko mawakili wengi.

Kwanza angalizo la namba. Sheria ya Adhabu tuliyoizoea ilikuwa Sura ya 120. Toleo jipya la sheria zilizorekebishwa lilianza kutumika Julai 2024, ikawa Sura ya 128 na vifungu vikasogea. Nitatumia namba za zamani kwa sababu ndizo za wakati wa kisa chako, na ndizo watu wanazo vichwani.

Kifungu cha 138 kinasema malaya ni mtu ambaye, hadharani au kwingineko, mara kwa mara au kwa mazoea, hujiweka kuwa yuko tayari kwa ngono au starehe nyingine ya mwili ili apate pesa au faida nyingine ya mali. Soma polepole. Kuna "mtu", kwa hiyo mwanamume naye yumo. Kuna "mara kwa mara au kwa mazoea", kwa hiyo usiku mmoja hautoshi. Kuna "hujiweka", yaani awe amejinadi kwa namna fulani. Na kuna pesa au mali. Kusimama hakumo. Saa nne hakumo. Simu mbili hazimo. Sketi haimo.

Kifungu cha 139 ndicho kinachotisha: anayefanya umalaya atafungwa hadi miaka 7. Kabla yake, cha 136 kinampa miaka 7 hiyo hiyo anayeishi kwa mapato ya malaya, na anayeshawishi watu mahali popote kwa nia ya uasherati. Cha 137 kinampa miaka 7 mwenye danguro. Yaani anayejiuza, anayemtuma na mwenye nyumba wote wamewekewa kipimo kimoja. Mimi jambo hilo halijawahi kunikaa vizuri, lakini ndivyo lilivyoandikwa.

Sasa sikiliza hapa. Miaka yote kumi na moja, mashtaka ya kifungu cha 139 yenyewe niliyotafsiri yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa sababu yanahitaji kuthibitisha mazoea. Utathibitishaje mazoea ya mtu uliyemwona dakika mbili chini ya taa ya gari? Kwa hiyo walikuwa wanashuka kwenye kifungu cha 167, uzembe na uzururaji. Hicho kilikuwa kapu. Kilikuwa na malaya anayefanya fujo au utovu wa adabu hadharani, ombaomba, mcheza kamari wa barabarani, anayefanya kitendo cha aibu hadharani bila sababu, na anayerandaranda mahali pa umma kwa nia ya uasherati. Adhabu ya kawaida ya kapu hilo ilikuwa miezi 3 au faini isiyozidi shilingi 3,000.

Elfu tatu, Mpishi. Bei ya roleksi mbili, zile chapati za mayai. Wewe ulitoa mara kumi.

MpishiWaMpakani

Subiri dada. Elfu tatu?? Yaani kama angefika kortini na kupatikana na hatia, faini ingekuwa elfu tatu?

MkalimaniMstaafu

Ndiyo na hapana, na hapo ndipo ujanja ulipo. Mwishoni mwa kifungu hicho kulikuwa na maneno kwamba baadhi ya aya, zikiwemo ile ya malaya mwenye fujo, ile ya kitendo cha aibu na ile ya kurandaranda kwa uasherati, adhabu yake si miezi 3 bali miaka 7. Kwa hiyo askari alikuwa na kamba ndefu. Kituoni anakutajia miaka saba upate jasho. Kwenye hati ya mashtaka anaandika aya ndogo ya miezi mitatu, ipite haraka. Na kati ya hizo mbili kuna dirisha la usiku, ambalo wewe ulilipia thelathini.

Bondi ya polisi haina malipo. Hata vituo vingine vimeandika ukutani kabisa. Na Katiba, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe kortini ndani ya saa 48.

DerevaWaTrela

Mimi ni wa Mombasa, hii barabara ya Malaba hadi Elegu naijua kama kiganja. Swali langu ni la mnunuzi. Nimeona Naluwerere, nimeona Lyantonde, miji tunakolaza malori, nimeona wasichana wakikimbizwa mpaka vichakani, lakini dereva mwenzangu aliyekuwa ndani ya kabini hajaguswa. Kwetu Kenya sheria ya taifa inamfuata anayeishi kwa mapato ya umalaya na mwenye danguro, kujiuza kwenyewe hakuna kifungu chake, wanaonaswa wananaswa kwa sheria ndogo za kaunti. Huku Uganda mnamfunga muuzaji miaka 7. Mnunuzi je?

MkalimaniMstaafu

Dereva, umegusa donda. Mnunuzi mtu mzima aliyepatana na mtu mzima hana kifungu chake. Kifungu cha 139 kinamtaja anayefanya umalaya, na umalaya umefafanuliwa kwa kumtazama anayejiuza. Mwanasheria mkali angeweza kubishana kwamba mwanamume anayepunguza mwendo na kushusha kioo "anashawishi kwa nia ya uasherati" chini ya cha 136, maana kinasema kila mtu. Katika miaka yangu sikuwahi kumsomea mwanamume shtaka hilo. Hata mmoja.

Ila usitulie sana. Akiwa chini ya miaka 18, hapo hapaitwi umalaya tena. Ni unajisi wa mtoto, na tangu marekebisho ya 2007 sheria haitazami kama ni wa kike au wa kiume. Adhabu yake inafika kifungo cha maisha, na mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mkosaji akiwa na virusi vya ukimwi, kosa ni zito zaidi na kinachotajwa ni kifo. "Aliniambia ana kumi na tisa" nimeitafsiri mara nyingi, na sura ya anayeisema huwa ile ile. Na anayesafirisha mtu ili atumiwe kwa biashara hiyo anaangukia sheria ya 2009 ya usafirishaji haramu wa watu, hadi miaka 15, na zaidi kosa likiwa zito.

SautiYaMnara

Assalaam alaykum. Mimi nasema waziwazi. Mnazungumza kama vile askari ndio tatizo. Barabara ile ina watoto wa shule wanapita. Kuna loji zimejipanga kuliko misikiti na makanisa. Sheria ikilegea kidogo mji wote unakuwa danguro. Mpishi, binti yako nimemsikitikia, lakini wavu ukitupwa na dagaa huingia.

Piki_Nambari7

Shehe huyo dagaa alikuwa na sufuria ya maharage.

SautiYaMnara

Nimesema nimemsikitikia.

MkalimaniMstaafu

Wa alaykum salaam, Shehe. Sikukatazi kuchukia biashara ile, hata mimi sina binti ninayemwombea aifanye. Lakini nikueleze nilichokiona kizimbani, kisha useme kama ndicho unachokitaka.

Wanaletwa kumi na wawili. Hati moja, shtaka moja, maneno yale yale, majina tu yanabadilika. Wanajua jambo moja ambalo wenzao wamewafundisha selo: anayekiri leo anaenda nyumbani leo au kesho, kwa onyo, au faini, au kufagia uwanja wa korti kama kazi ya jamii. Anayekana anarudishwa rumande wiki mbili mpaka shahidi apatikane, na nyumbani kuna mtoto wa kunyonya. Kwa hiyo wote wanakiri. Kati ya hao kumi na wawili, labda saba wanafanya biashara hiyo. Mmoja anauza karanga. Mmoja ametoka zamu hospitalini. Wote wameandikwa.

Kuna kesi ya zamani ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, Adan dhidi ya Jamhuri, ya 1973. Inafundishwa mpaka leo. Inasema hakimu aeleze kosa na kila kiungo chake kwa lugha ya mshtakiwa, mshtakiwa ajibu kwa maneno yake mwenyewe, na maneno hayo yaandikwe kama alivyoyasema kadiri inavyowezekana, si kuandika tu "amekiri". Sasa niambie, mimi nilipaswa kutafsirije "uzembe na uzururaji" kwa mama wa Kikongo aliyetoka kununua dawa? Nikimwambia "umeshtakiwa kuwa mzururaji" ananijibu "ndiyo mama, nilikuwa natembea". Na kalamu ya karani inaandika: amekiri.

Siku ile niliomba ruhusa, nikamweleza upya: wanasema ulikuwa ukitafuta wanaume. Akashika mdomo. Akakana. Akapelekwa rumande siku kumi na tatu. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimwumiza.

NipoNasoma

Dada hii ya mwisho imenikaa vibaya.

DadaWaMitumba

Naingia kwenye upande wa nguo maana Mpishi kauliza na hamjamjibu.

2014 nilikuwa soko la Owino, Kampala, nauza sketi na magauni. Februari ile Rais alitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia. Waziri wa maadili alikuwa marehemu Simon Lokodo, aliyewahi kuwa padri, na mwaka mmoja kabla alishasema kila kilicho juu ya goti kitapigwa marufuku. Basi watu hawakungoja kusoma sheria. Wakaiita "sheria ya mini". Wiki chache tu, vijana wa stendi wakawa mahakama. Mwanamke anashuka kwenye taksi, wanampigia miluzi, wanamzunguka, wanamvua. Nilimfunika mmoja kwa leso yangu ya biashara, nikamwingiza nyuma ya marobota, tukakaa mpaka giza. Sketi fupi zangu zote zikalala, nikaziuza kwa bei ya matambara.

Na sheria yenyewe? Neno mini halimo! Ilizungumzia kuonyesha mtu akifanya ngono, au kuonyesha viungo vya uzazi kwa shabaha ya kuamsha ashiki. Kufanya hivyo ilikuwa miaka 10 au faini ya shilingi milioni 10. Tena waandishi wa sheria walikosea herufi, mahali pa "kuigiza" tendo wakaweka neno la "kusisimua". Watu wazima, Bunge zima, wamepitisha kosa la herufi, halafu mimi navuliwa nguo kwa ajili yake.

Kesi ilifunguliwa mwaka huo huo wa 2014. Hukumu ilitoka Agosti 2021. Mahakama ya Katiba ikafuta ile tafsiri ya ponografia na kosa lililojengwa juu yake. Miaka saba! Kwa hiyo Mpishi, hakuna sheria ya Uganda inayopima sketi ya mwananchi anayetembea zake. Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka wa mavazi mwaka 2017, hakuna juu ya goti, hakuna mikono wazi, wanaume shati refu na tai, lakini huo ni wa watumishi wa serikali ofisini. Si wa binti yako mwenye sufuria.

MzeeBombo

Wajukuu, nyinyi mnasema 2014. Mini ilipigwa marufuku 1972, zamani za Amini. Amri ilitoka redioni, na ilikuwa na kipimo kabisa, nguo isipande zaidi ya inchi mbili juu ya goti. Askari walikuwa wanasimamisha wasichana Kampala na kuwakagua magoti. Dada yangu mkubwa alishona upya nguo zake zote wiki moja, akaunga pindo kwa vitambaa vya rangi nyingine. Baadaye hata wigi nazo zikaharamishwa. Sisi Wanubi, tuliohesabiwa watu wa Amini, tulilaumiwa kwa mambo mengi ya siku zile, mengine kwa haki na mengine bure, lakini mashine ya kushonea ya mama yangu ilipata kazi.

Halafu serikali ya pili ya Obote ikaja na "panda gari". Mnaijua? Wanajeshi wanazingira mtaa alfajiri, lori zimepangwa, wote mnaambiwa panda gari. Kwa Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa Kiganda ukimsalimia kwa Kiswahili anashtuka kwanza ndipo aitike. Lugha yetu ilifika mlangoni kwake na bunduki. Sasa nikisoma Mpishi anaandika "wakamwambia panda", nimecheka, lakini si kicheko cha furaha.

MpishiWaMpakani

Mzee shikamoo. Ndivyo walivyosema kweli. Neno moja tu, "panda".

KijanaWaSheria

Wakuu samahani kwa kuchelewa. Mbona mnahangaika na hivi vifungu? Mahakama ya Katiba ilishafuta hayo yote Desemba 2022. Uzururaji si kosa tena Uganda. Binti akikamatwa leo aseme tu "mmefutiwa".

MkalimaniMstaafu

Mwanangu, usimpeleke mtoto wa watu selo kwa nusu ya habari. Hukumu ile, ya shauri namba 36 la 2018, ilihusu kifungu cha 168, mhuni na mzururaji, siyo cha 167. Na hata huko haikufuta kifungu chote. Ilifuta aya mbili: ile ya mtu anayeshukiwa asiye na njia ya kuonekana ya kujikimu na asiyeweza kujieleza, na ile ya mtu anayekutwa akitangatanga mahali na saa ambayo inafanya watu wadhani ana nia mbaya. Sababu ni nzuri na ukazisome: kosa halikufafanuliwa kiasi cha mtu kujua afanye nini ili asilitende, na Katiba ibara ya 28 inataka kosa lifafanuliwe. Tena linamgeuzia mshukiwa mzigo wa kujieleza.

Hoja hizo ukizipeleka kwenye "kurandaranda kwa nia ya uasherati" zinafanana sana, hilo nakubaliana nawe. Lakini aya hiyo haimo kwenye hukumu ile. Umalaya wenyewe, kifungu cha 139, hukumu ile haikuugusa kabisa.

Na msisahau, Septemba 2019 Rais mwenyewe aliwaagiza polisi waache kukamata watu kwa uzururaji. Agizo la Rais si sheria.

KijanaWaSheria

Nimepokea, mama. Nilisoma kichwa cha habari tu. Na ule muswada wa makosa ya kujamiiana?

MkalimaniMstaafu

Bunge liliupitisha Mei 2021, Rais akakataa kuutia saini.

MwanaAmuru

Naongezea kitu kwenye "kitendo cha aibu hadharani". Kwetu kaskazini, mwanamke mzee akivua nguo mbele yako si uasherati. Ni laana. Aprili 2015 kule Apaa, mawaziri walikuja kwa ajili ya mpaka wa ardhi, kina mama wakavua nguo wakabingirika chini wakilia. Wanaume wazima waligeuza nyuso. Hakuna mtu pale aliyeona kitu cha kutamani. Sasa ukisema sheria inakataza utupu, je, aibu ile ilikuwa ya nani?

Na Septemba 2024, wasichana watatu waliandamana Kampala karibu uchi, wamejipaka maneno mwilini, kupinga ufisadi. Waliposhtakiwa, shtaka halikuwa la uasherati wala kitendo cha aibu. Lilikuwa la kero kwa umma, ambalo adhabu yake ni mwaka mmoja.

DadaWaMitumba

Yaani utupu wa siasa ni kero, mwaka mmoja. Sketi ya jinzi karibu na loji ni miaka saba. Haya.

DerevaWaTrela

Mimi nimesoma kimya lakini ngoja niulize, kondomu mkobani ni ushahidi? Nimeona wakimwaga mikoba ya wasichana barabarani, ikipatikana kondomu wanasema "haya, tumemaliza".

MkalimaniMstaafu

Sheria haitaji kondomu popote. Ni kitu cha halali, kinagawiwa bure na serikali hiyo hiyo. Tena pale Mulago, hospitali kuu ya taifa, wakati wangu palikuwa na kliniki ya MARPI, ya walio hatarini zaidi kuambukizwa ukimwi, ambayo ilikuwa inawahudumia wanaouza miili kwa jina lao, inawapima, inawapa dawa, inawapa kondomu. Mhudumu wa serikali anampa kwenye mfuko asubuhi, mtumishi mwingine wa serikali anamwaga mfuko ule ule usiku na kuuita ushahidi. Nimeyaona matokeo: wasichana wanaacha kuzibeba. Na wewe dereva unajua maana yake, maana unarudi kwa mkeo.

Jambo lingine: mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa heshima. Hilo limo kwenye sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Kumwaga mkoba mbele ya wanaume wa stendi si kupekua.

DerevaWaTrela

Nimekusikia mama.

SautiYaMnara

Nina swali bila ubishi. Jirani yangu amepangisha vyumba vinne, wapangaji ni wasichana, na kila mtu anajua. Anaweza kufungwa yeye?

MkalimaniMstaafu

Anaweza, Shehe, kama itathibitika anaweka vyumba kwa ajili ya umalaya. Anayepangisha chumba cha kuishi, na mpangaji ana mambo yake, hiyo ni hoja ya kubishaniwa. Cha kuogopesha zaidi ni aya ya pili ya kifungu cha 136. Mtu akithibitika kwamba anaishi na malaya, au huwa naye kwa mazoea, anahesabiwa anaishi kwa mapato yake mpaka yeye mwenyewe aishawishi korti vinginevyo. Soma tena: anaishi naye. Nilishaona kaka wa damu akijieleza kwa nini anakaa chumba kimoja na dada yake. Walikuwa yatima. Alikuwa na miaka ishirini, anabeba magunia sokoni, na alitakiwa yeye athibitishe kwamba ugali wake ni wa magunia.

SautiYaMnara

Hilo sikulijua.

Piki_Nambari7

Sasa tupeni la kufanya. Usiku wa leo nina abiria.

MkalimaniMstaafu

Uliza kwa adabu, "Afande, nimekamatwa kwa kosa gani, kifungu gani?" Usibishane kuhusu namba, mwache aseme, wewe kumbuka. Taja jina lako la kweli, maana majina ya uongo yamewapoteza watu rumande, ndugu wanatafuta na hawawapati. Usikiri kitu ambacho hukukielewa. Ukifika kortini hulazimishwi Kiingereza wala Kiganda, mkalimani ni haki yako na halipwi na wewe. Na barua ya mwenyekiti wa mayumba kumi inayosema unaishi wapi na unafanya kazi gani inasaidia sana kwenye dhamana. Ni karatasi ya kawaida yenye muhuri, lakini mahakimu wanaiheshimu.

Pesa ya dirishani sikwambii usitoe. Ningekuwa mimi na binti yangu yuko ndani saa sita za usiku, ningetoa. Ila ujue hiyo haikuwa bondi.

MpishiWaMpakani

Nawashukuru wote, mama Mkalimani zaidi. Mliniuliza inboksi binti yuko wapi. Yupo. Aliacha kazi miezi mitatu, mama mdogo alidhani nimemkosea mimi. Akarudi mwenyewe. Barua ya mwenyekiti tulimchukulia, anaiweka kwenye nailoni ndani ya simu, nyuma ya betri, imechakaa mpaka muhuri hausomeki.

Na sufuria ile ndogo alikataa kuibeba tena. Sasa akifunga anabeba ile kubwa, namba kumi na mbili, hata kama ni tupu. Anasimama nayo chini ya taa ya loji kabisa, kaikumbatia tumboni. Anasema wakimwona nayo hawapunguzi mwendo.

Piki_Nambari7

Mwambie anipigie, namba yangu unayo. Namba kumi na mbili inaingia mbele ya tangi.

MpishiWaMpakani

Kesho saa nne kasoro. Usichelewe.